Herufi Mbili za Mama

Chumba chetu cha ukimbizini, pale mtaa wa Berea, kilikuwa nusu ya sebule iliyokatwa kwa pazia. Nililala humo na mama na wadogo zangu wawili, tangu mume wangu alipokwenda Cape Town kutafuta kazi akapata na mke. Mchana nilikuwa Joubert Park, kwenye duka la Mkongomani mwenzetu aliyetuma vifurushi Marekani, nikiandika anwani juu ya vifurushi vya vitenge na ndagala, dagaa wa kwetu. Posta ya kule haina haja ya jina zima la jimbo, herufi mbili zinatosha. Mwanzoni niliandika MI nikidhani ni Missouri, mzigo ukaenda kuzurura Michigan, na mwenyewe akaja kunitukana mbele ya wateja. Nikazikariri zote kwa hasira. MO ndiyo Missouri. Hata visiwa wanavyovitawala vina zao: Puerto Rico ni PR, Guam ni GU.

Mwaka 2016 mama aliitwa na maafisa wa wakimbizi kuhojiwa kuhusu kuhamishiwa Marekani. Walimuuliza nani wako nyumbani kwake. Akawataja wadogo zangu, basi. Kwetu binti akishatolewa mahari hahesabiwi tena kwa wazazi, hata kama analala godoro moja na mama yake. Faili yangu ikabaki chini ya mume ambaye hapokei simu. Kila nilipokwenda kulalamika waliniambia nije naye.

Nilipomuuliza mama kwa nini, alinishangaa.

"Niliwaambia kweli," alisema. "Ng'ombe za watu tulishakulaka. Ningekuhesabu namna gani ku nyumba yangu?"

Nilimnunia wiki nzima ndani ya kile chumba ambamo hata pa kununia hapakuwepo.

Mama na wadogo zangu walipangiwa Kentucky. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo nikamfundisha KY, nikimchorea kwa kipande cha sabuni juu ya kitambaa. Alishika haraka, akazidarizi kwenye mkoba wake asije akapotea. Nilimtazama akivuta uzi, nikaionea wivu Guam. Kisiwa kimetupwa katikati ya bahari, mbali na kila kitu, na bado wamekihesabu kwao.

Waliondoka 2018. Uwanja wa ndege nilizuiwa mlangoni, kwa sababu sikuwa na tiketi. Nikarudi Berea kwenye pazia langu. Kuhama sikuthubutu, maafisa wasije wakanikosa. Kuolewa tena sikuweza, maana bado nilikuwa mke wa mtu. Kurudi kwetu ilikuwa kurudi vitani. Nilikuwa nimefungwa bila hata askari wa kunilinda.

Miezi kadhaa baadaye mama alinipigia. Alikuwa amenishonea gauni la baridi na alitaka kulituma, jirani yake wa kanisani angemwandikia anwani. Aliuliza herufi zangu ni zipi. Nikamweleza kwamba zile ni za majimbo ya kwao tu, mimi nilipo sina.

"Basi nitamwambia aandike KY," alisema. "Weye uko wa kwangu."

Nilikaa chini sakafuni nikalia. Sikumwambia kwamba mzigo wenye herufi hizo hautatoka Kentucky.