Sungura Niliyemwogesha Mbale

Sogea unisikilize, wewe uliyeleta sungura nyumbani juzi na tayari unatafuta beseni. Liache beseni kwanza.

Mwaka wa vita, wanajeshi waliokuwa wakikimbia walipoanza kupita Jinja, mama alinipeleka Mbale kwa shangazi yangu, kisha yeye akarudi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilibeba nguo mbili na kikapu chenye sungura jike mweupe. Wengine watano tuliwaacha, na sikuuliza nani angewala.

Vizuizi vilikuwa vingi, tukakaa njiani siku mbili. Nilimlisha nilichopata, zaidi kabichi iliyolegea. Tulipofika alikuwa anaharisha, na kinyesi kimegandamana kwenye manyoya ya nyuma, kigumu kama udongo wa ukutani.

Shangazi alikuwa na chumba kimoja. Humo alilala, humo aliswali. Alinusa kikapu, akakitua nje ya mlango.

“Mwanangu, hapa tunaswali. Kesho akiwa bado hivi, nampeleka sokoni. Na atakayemnunua hatamchana nywele.”

Mimi nilijua usafi wa aina moja tu, ule niliofundishwa madrasa: maji, mara tatu. Asubuhi, baridi ya mlimani ingali imetanda, nilichota maji ya mtungi, nikamtia sungura mzima kwenye beseni na kumpaka sabuni ya mche. Nilihesabu kwa sauti. Mara ya kwanza alipiga mateke. Ya pili akatulia, nikafurahi kwamba amezoea. Ya tatu kichwa kilikuwa kimelala mkononi mwangu, masikio baridi kabisa.

Nilipiga kelele. Aliyefika kwanza ni dereva Mkenya ambaye lori lake lilikuwa limekwama uani kwa kukosa dizeli. Kwao, mama yake alifuga sungura.

“Umemfanya nini huyu?”

“Nimemtwaharisha.”

“Mtoto, sungura si sufuria!” Akamgeukia shangazi aliyekuwa mlangoni. “Mama, nipe nguo kavu. Si tambara, nguo.”

Shangazi alimtazama sungura, akanitazama mimi, akaingia ndani. Alitoka na leso yake ya kuswalia.

“Itachafuka, mama.”

“Bwana, leso hufuliwa. Shika.”

Dereva alimkausha kwa kumkandamiza taratibu, bila kumsugua. Alinieleza huku akimkausha, wala hakunigombeza: manyoya ya sungura ni mazito, maji yakifika kwenye ngozi hayatoki upesi, baridi inamwingia, na hofu peke yake yaweza kuusimamisha moyo wake. Kisha shangazi alimchukua, akamfunika kifuani mwake, akakaa kwenye kigoda. Jua lilipanda. Karibu na adhuhuri aliniita niguse masikio. Yalikuwa yamepata joto. Nilimsogezea unyasi mmoja, akaunusa, akautafuna.

“Nilitaka asafishwe, sikutaka afe,” shangazi alisema, kana kwamba mimi ndiye niliyemshtaki. Akainuka kwenda kuazima leso nyingine kwa jirani. “Atakaa. Lakini hii utaifua wewe, tena hiyo ndiyo yenye mara tatu.”

Vita vilipopita nilirudi Jinja, na kidogo kidogo nikaanza kufuga tena. Wapo wanaokuja kutoka Buwenge kuniuliza, na mara nyingi swali ni hilo hilo: nitamwogeshaje? Ninawaelewa. Mtu anayependa usafi huwaza maji.

Sungura hujiosha mwenyewe kwa ulimi, kama paka. Ukimwona mchafu nyuma, usimlaumu, chungulia chakula chake. Mpe nyasi kavu kwa wingi, punguza kabichi na maganda. Anapopukutisha manyoya, mchane kwa kitana laini, maana akiyameza mengi yatamziba tumbo. Na uchafu ulioganda? Mpakate mapajani, mkono mmoja ushike makalio yake asirushe miguu, kwa kuwa mgongo wake huvunjika upesi. Lowesha pembe ya kitambaa kwa maji ya vuguvugu, ilaze pale penye uchafu tu mpaka ulainike, uutoe kidogo kidogo. Ukishindwa leo, malizia kesho, hakuna anayekufukuza.

Kisha mfute kwa kitambaa kikavu, ingiza kidole mpaka mizizi ya manyoya, na usimweke chini mpaka ngozi iwe kavu.