Karani Aliyechoshwa na Kisanduku cha Mama Mzazi

Ni saa moja na nusu asubuhi, wiki ya kuandikisha watoto. Foleni imeshafika uani, na karani wa shule hii ya msingi ameshakunja uso. Mbele ya dirisha lake amesimama mwanamke aliyemshika mkono mtoto wa kike wa miaka sita.

"Mimi ni mama yake mkubwa. Nimemlea tangu ana wiki tatu," anasema kwa sauti ya chini, maana foleni ina masikio. "Hapa kwenye mama mzazi niandike nini?"

"Hiyo ni fomu ya zamani, dada. Shika hii."

Kisha karani anageukia kompyuta. Anakiruka kisanduku cha mama mzazi. Mashine inalia na kutoa maandishi mekundu: jaza jina. Anajaribu tena, nayo inalia tena.

"Ina kiburi kuliko aliyeileta," karani anasonya.

Amekaa dirishani hapa miaka kumi na tisa. Walimu wanamwita Mama Faili, na jina hilo halimkeri. Kinachomkera ni kurudia jambo lile lile kama kasuku.

"Ofisini kwa mwalimu mkuu tumebandika kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ukija dirishani tunakuuliza nani kazaa. Sasa tushike lipi?"

Amehesabu mwenyewe, faili kwa faili. Kati ya watoto 612, watoto 97 hawaishi na baba na mama waliowazaa. Wapo walioasiliwa, wapo wa bibi, wa shangazi, wa baba peke yake.

"Hao ni madarasa mawili yaliyojaa. Halafu mtu ananiambia ni wachache!"

Yeye mwenyewe alilelewa na mjomba, fundi viatu. Alipokuwa darasa la nne, mwalimu alimtuma akamwite baba. Mjomba akaacha kazi, akaja na aproni yake yenye gundi.

"Akaambiwa, tumemwita baba, si mjomba. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akibandua gundi kwenye ile aproni."

Hata hivyo, kwa miaka mingi karani naye alitafuta njia ya mkato. Ili kuihadaa kompyuta, kila penye utata alichapa neno "Nukta". Mashine ikakubali, naye akajiona mjanja.

Mwaka jana, siku ya kugawa zawadi, mwalimu msaidizi alisoma orodha kama ilivyotoka kwenye printa. Alipofika kwa mshindi wa hesabu, mtoto wa miaka minane, akatangaza kuwa ni binti wa fundi bomba na Bi Nukta.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mke wa fundi bomba, ambaye yeye na mumewe walimwasili binti huyo akiwa na miezi minne, alikuwa amekaa safu ya pili. Mtoto alishuka jukwaani bila zawadi. Wiki mbili zilizofuata, kila asubuhi alikataa kuja shule.

"Baba yake alipokuja, alinisalimia tu. Heri angenitukana," anasema karani. "Lile kosa lilikuwa la kidole changu."

Akaiandikia ofisi ya elimu barua tatu. Jibu lilikuwa moja: fomu ni ya wote. Mwalimu mkuu naye akamwambia, "Mama, usitutafutie maneno."

Basi akachapa fomu yake, yenye "mzazi au mlezi", akaigawa. Akapewa barua ya onyo. Kesho yake akabeba yale mafaili 97, akayamwaga juu ya meza ya mkubwa wake.

"Nikamwambia, soma, kisha unifukuze."

Mwalimu mkuu alifungua la kwanza, la pili.  La tatu lilikuwa la mtoto anayeishi kwake, wa dada yake marehemu. Penye baba mzazi alikuwa ameandika jina lake mwenyewe.

"Nilidanganya kwenye fomu ya shule yangu," anakiri mwalimu huyo. "Niliona aibu, na mpaka leo sijui nilimwonea aibu nani."

Onyo lilifutwa, fomu ya karatasi ikabadilika. Kompyuta bado, kwa hiyo watoto kama hawa kwanza anawaandika daftarini. Fundi wake ameitwa mara mbili, na kila mara jibu ni wiki ijayo.

Darasani nako hakujatulia. Juzi mwalimu mmoja aliwaagiza watoto walete picha ya mama akiwa mjamzito.

"Nikimuuliza, ananiambia watoto hawajali. Umemuuliza mtoto gani?" Karani anagonga meza, na foleni nzima inageuka.

Mama mkubwa anamaliza kutia saini penye "mlezi", anaisoma fomu mara mbili. "Basi? Hakuna swali jingine?"

"Hakuna. Mpeleke mtoto wako darasani."

Ijumaa walimu wana mkutano, naye ameomba kuzungumza. Anataka kila zoezi linalohusu familia lipitiwe upya kabla muhula ujao haujaanza. Mwalimu mkuu amempa dakika kumi.

"Nimemwambia ajenda nyingine aziweke wiki ijayo," anasema karani. "Siku hiyo hatoki mtu mpaka nimalize."