Mfasiri wa Mama Mkwe

Kabla Mchungaji mpya hajaja, ibada yetu ilikuwa soko. Huyu ananena kwa lugha asiyoielewa mtu, yule anatabiri, kwaya haijamaliza ubeti na mzee wa kanisa keshanyakua kipaza sauti. Siku moja lilisomwa tangazo la msiba, nusu yetu tukarudi nyumbani bila kujua aliyekufa ni nani. Ndipo akaja huyu kijana, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, akafungua waraka wa Paulo kwa Wakorintho na kutupa sheria: watanena wawili, wakizidi sana watatu, tena kwa zamu, na mtu afasiri. Asipokuwepo wa kufasiri, mnenaji anyamaze, aseme na Mungu moyoni. Tukampachika jina la Bwana Utaratibu. Mimi nilimpenda siku hiyohiyo, masikio yangu yalikuwa yamechoka.

Mzigo wa utaratibu huo uliangukia mabega ya mdogo wangu wa kike, fundi cherehani. Ninayoyasema hapa ameniambia mimi peke yangu.

Jumapili ya kwanza ya sheria alisimama mama mkwe wake. Bibi huyu amenena kwa lugha tangu ujana wake na hana kingine cha kujivunia duniani. Alipomaliza, Mchungaji akauliza nani ana tafsiri. Hakuna hata aliyekohoa.

"Basi, mama, tafadhali ukae," Mchungaji akasema kwa upole, na midomo ya bibi ikaanza kutetemeka mbele ya watu wote.

Mdogo wangu hajui kuvumilia machozi ya mtu mzima. Alijikuta amesimama. "Bwana anasema msiogope, yupo nanyi," akasema. Maneno yasiyomdhuru mtu. Kanisa likajibu amina, bibi akakaa na heshima yake.

Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Jumapili iliyofuata walinena watatu, na kila aliyemaliza alimgeukia yeye. Akasema Bwana anataka tupendane. Akasema Bwana amechoshwa na masengenyo, na hilo angalau lilitufaa. Mchungaji akamtangaza mfasiri wa kanisa. Akisingizia mafua, wanamfuata nyumbani, maana bila yeye wanenaji wote inabidi wanyamaze. Kazini kwake wateja waliacha kulalamika. Gauni limebana kwapani, mtu anashukuru na kuondoka nalo hivyohivyo. Utagombanaje na anayesikia sauti ya Mungu? Alikonda. Mara mbili alikwenda kwa Mchungaji ili akiri, na mara zote mbili akamkuta mama mkwe ametangulia, anamsifia mkamwana wake.

Kisha bibi akagundulika ana uvimbe tumboni. Daktari alisema utolewe haraka, ukiachwa utamuua.

"Sipandi kitanda cha kupasuliwa mpaka Bwana aseme," bibi alisema wakiwa jikoni. "Jumapili nitanena, nawe utaniambia."

"Mama, si daktari ameshasema?"

"Daktari ni mtu, mwanangu."

Mdogo wangu alikuja kwangu akilia. Akisema nenda, na bibi afie chini ya kisu, atakuwa amemuua kwa jina la Mungu. Akisema mimi sielewi hata neno moja, bibi atafia nyumbani, tena kwa aibu.

Jumapili bibi alinena kwa muda mrefu, macho kwa mkamwana wake.

"Bwana anasema nenda hospitali," mdogo wangu akasema.

Mchungaji akainua mkono. Kumbe Paulo anataka ujumbe upimwe pia. "Dada, huu ni uhai wa mtu. Maneno haya ni ya Bwana au ni yako?"

Angeweza kujinasua hapo. Akamtazama bibi, ameshika tumbo kwa mikono miwili, anasubiri. "Ni ya Bwana," akasema.

Bibi akapasuliwa, akapona. Siku ya kuruhusiwa, mdogo wangu alipiga moyo konde. Alipiga magoti kumvisha viatu, akasema, "Mama, nina jambo la kukiri."

"Ngoja, mkubwa hutangulia. Jumapili ile sikushukiwa na kitu. Nilikiogopa kisu, nikawa natamka chochote kilichonijia mdomoni. Yalikuwa maneno matupu."

Mdogo wangu anasema aliona mzigo umemtoka. Alitaka kucheka. Alitaka kumkumbatia.

"Ndipo nikaamini," bibi akaendelea, akimshika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mimi nilikuwa namdanganya Mungu, naye bado akakupa neno la kuniokoa. Nimeshatubu kwa Mchungaji, nikamweleza yote. Jumapili anakuwekea mikono, uwe mfasiri wetu mpaka mwisho wa maisha yako. Haya, na wewe ulitaka kukiri nini?"

Mdogo wangu akamfunga kamba ya kiatu.

"Nimesahau kukuletea sweta, Mama."