Mke wangu aliugua akili ndani ya arobaini, mama mkwe akasema hatoki nje

Wakuu, salaam kwenu. Hili sikusimuliwa, limenikuta ndani ya nyumba yangu hapa Malindi, Unguja. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi fundi viyoyozi, hoteli nyingi za Mji Mkongwe nshapanda madari yake. Mke wangu, nimwite Salma, alijifungua salama mtoto wa kike. Mama yake, Bi Mwana, akaja kutoka Makunduchi kumtazama. Mnajua mambo ya arobaini: maji ya moto, uji wa pilipili manga, mzazi havuki mlango mpaka siku zitimie.

Siku ya kumi na saba, Salma ana siku tatu hajalala. Anazunguka chumbani, anasema mtoto si wake, kabadilishwa. Mimi na ujinga wangu nikamwambia ni uchovu tu, nikenda zangu kazini. Hilo mpaka leo linaniuma.

Mchana nikarudi kufuata spana. Nikamkuta kitandani, mtoto kamfunga kanga vizuri kama wanasafiri. Akanambia kwa upole, "Nnataka kuondoka naye, tukapumzike."

Nikamuuliza waziwazi, "Salma, unataka kujiua?"

"Ndiyo." Kisha akalia.

Nikampokea mtoto, nikampigia jirani yetu ambaye ni nesi. Akanambia, "Hiyo ni dharura, sawa na mzazi anayemwaga damu. Usimwache peke yake hata kidogo. Mlete hospitali sasa hivi."

Bi Mwana akasimama mlangoni.

"Hatoki. Nje kuna upepo, kuna macho ya watu. Nshamwita mwalimu aje amsomee Kurani."

Wakuu, mimi kwa mama mkwe huwa sina kauli, nnaitikia tu. Siku ile nilisema. "Mama, adabu yangu kwako ipo pale pale. Lakini angekuwa anamwaga damu, ungemzuia?"

Akauliza, "Kakwambia kwa kinywa chake anataka kufa?"

"Naam, mama."

Akaingia ndani. Nikajua basi, imeshindikana. Akatoka na blanketi, chupa ya uji na soksi zangu za kazini. Akamvisha Salma, akamfunika gubigubi.

"Arobaini tunakwenda nayo," akasema. Yule mwalimu, akampigia simu mwenyewe kumwambia asome huko huko aliko.

Kufika hospitali, daktari wala hakushangaa. Alisema maradhi haya huwapata baadhi ya wazazi, na dawa zake zipo. Salma akalazwa, Bi Mwana akawa naye akimlea mtoto, na uji wake mpaka manesi wakawa wanauulizia. Soksi hazijarudi hadi leo.

Siku ya arobaini ilimkuta nyumbani. Vidonge bado anatumia. Akamtoa mtoto barazani mwenyewe, akanambia, "Mtazame, kachukua pua yangu."

Nililia mbele ya wapita njia, sikujali.

Nilichojifunza: muulize mtu waziwazi, kaa naye, mpeleke siku hiyo hiyo. Kisomo kiendelee, hakijagombana na hospitali.

Mliopitia haya semeni hapa, hasa wanaume wenzangu. Pengine kuna mtu anasoma uzi huu kazini, na mkewe huko nyumbani hajalala siku ya tatu. Ndugu yangu, rudi nyumbani.