Dosiye Iko Njiani

Baada ya vita kutuachia uyatima, niliacha shule nilee wadogo zangu watatu. Kitindamimba alizaliwa ukimbizini Bukavu, na tuliporudi nyumbani, bila cheti cha kuzaliwa mwalimu hakukubali kumwandikisha. Kila nilipokwenda komini, ofisi ya serikali ya mtaa, kuulizia faili lake, karani alinijibu, “Dosiye iko njiani.”

Siku moja tulikuwa tunachambua maharagwe, redio ya jirani ikitangaza bunge. Mbunge alimuuliza waziri maji ya bomba yamefikia wapi. Waziri akajibu kwa sauti nzito kwamba dosiye iko njiani.

“Njia gani, Mheshimiwa?” mbunge akauliza. “Imepanda gari au inatembea kwa miguu?”

Tulicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Kitindamimba hakucheka, akatoka. Nilimkuta barabarani, ameketi juu ya jiwe, akitazama upande wa mji wa Kamembe, magari yanakotokea.

“Ninangojea dosiye yangu, Yaya,” akaniambia mimi mkubwa wake. “ Kama inakuya na miguu, itakuwa imechoka.”

Kesho yake nilimbeba mgongoni hadi komini.

“Mzee,” nikamwambia karani, “huyu mutoto anangojea dosiye yake ku barabara. Umuambie, inapita njia gani?”

Foleni nzima, iliyokuwa imesikia bunge redioni, ikaangua kicheko. Mama mmoja mwenye kikapu cha mihogo akampazia karani sauti: “Papa, ujibu mbunge!”

Karani naye akashindwa kujizuia. Alicheka hadi machozi, akavuta droo yake. Cheti kilikuwa humo, kimekosa muhuri tu. Akakigonga muhuri kwa kishindo.

Mdogo wangu alikipokea kwa mikono miwili, akakikazia macho.

“Wewe,” akakiuliza, “ulichelewa wapi?”