Jua Jingine Uani kwa Shangazi

Nilikwenda Dranya kumpa pole shangazi yangu Driciru, dada wa marehemu baba, aliyefiwa na mumewe. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mkuu wa shule nilipoomba ruhusa. Mazishi sikuyawahi, nilikuwa nasahihisha mitihani. Lakini niseme kweli: nilipokuwa nafunga mzigo, nilichokuwa nakifurahia ni giza. Shule ya hapa Arua ninakofundisha fizikia ilikuwa imepata darubini, na taa za mji pamoja na vumbi la kiangazi zilikuwa zinanibania. Kwa shangazi hakuna umeme. Basi nikaizungushia darubini blanketi, nikaifunga nyuma ya pikipiki, nikaenda matangani kama mtu anayekwenda kutembea. Aibu yangu ianzie hapo.

Asubuhi nilisimama nyumbani Dadamu. Mama alinipa unga wa muhogo wa kuwasaidia waombolezaji, akaniagiza nikifika nikae chini na wafiwa kwanza, mengine baadaye. Nikaitikia, nikawasha pikipiki.

Koboko nilifika jua likiwa kali. Nilinunua sukari na sabuni kwa mama mmoja Mkongomani, akawa anautazama ule mzigo wa blanketi.

"Ule mutu umefunga nyuma ni nani?"

"Si mtu, mama. Ni darubini, ya kutazamia nyota."

"Na unaenda wapi naye?"

"Kwenye kilio, Dranya."

"Nyota ya kilio," akasema, akanirudishia chenji. Nilicheka peke yangu.

Alasiri niliingia Dranya. Katikati ya uwanja gogo kubwa lilikuwa linawaka taratibu, na shangazi ameketi kando yake juu ya mkeka, kichwa kimenyolewa. Tulilia kidogo, nikampa vitu vya mama. Kisha nikaanza kufungua mzigo wangu. Shangazi akawa ananieleza habari za kilio.

"Hii moto tuliwasha siku ya kuzika. Iko nangoja Lomoro. Yeye atazima na mkono yake, halafu kilio nakwisha. Yeye nakuja kesho."

Lomoro ni mwanawe wa pekee, dereva wa lori huko Juba. Naye hakuwahi mazishi. Maneno hayo yote yaliingia masikioni mwangu, wallahi, lakini mimi nilikuwa nakaza skrubu za miguu ya darubini. Nikasema, "Ehe, shangazi," kama mtu anayejibu redio.

Jioni akaja Taban, mdogo wa marehemu, akaniuliza kile chombo ni cha nini. Laiti angenyamaza. Nilimwambia kuna nyota upande wa kaskazini inayofanana na jua letu, kubwa zaidi kidogo na yenye joto zaidi, na sayari tatu zinaizunguka kama dunia inavyolizunguka jua. Moja iko karibu nayo mno hata mwaka wake haufiki siku tano.

"Watu iko huko?" akauliza.

"Hiyo haina watu. Ni joto tupu."

Habari ikaenda nyumba kwa nyumba, na giza lilipoingia majirani walikuwa wamejaa. Mama Poni, jirani wa shangazi, mwanamke wa maneno mengi, akauliza mbele ya wote kama wataziona hizo sayari. Mimi nilijua haziwezi kuonekana. Wataalamu wenyewe walizigundua kwa kupima jinsi nyota inavyoyumba kidogo zikiivuta. Kwa darubini ya shule utaona nukta ya mwanga basi. Ilikuwa ni kusema hivyo tu. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na mimi ndiye Mwalimu wa Arua. Nikasema, "Tutajaribu."

Saa mbili nyota ilikuwa juu, safi. Tatizo likawa gogo. Mwanga wake ulitupiga machoni na moshi ulikuwa unapita mbele ya lenzi. Nikasema uzimwe. Taban akamtazama shangazi, shangazi akanitazama mimi.

"Kwa hii nyota, lazima?"

"Bila hivyo hamtaona kitu, shangazi."

"Zima," akamwambia Taban. "Ni mtoto ya ndugu yangu, na ni mgeni."

Taban akamwaga dumu zima la maji.

Wakapanga mstari. Wa kwanza akatazama, akasema, "Naona." Wa pili, "Naona." Mama Poni akainama muda mrefu, akainuka akasema, "Iko tatu. Zote naona." Nilielewa hapo hapo. Hakuna aliyeona chochote zaidi ya nukta, ila hakuna aliyetaka mgeni aumbuke. Na mimi ningeweza kusema neno, nikajikausha. Shangazi alitazama wa mwisho. "Naona, mtoto ya ndugu yangu. Asante," akasema, akarudi kwenye mkeka wake kando ya majivu yaliyolowa.

Ni Taban aliyeninong'oneza nikikunja vyombo: "Mwalimu, ile moto ilikuwa ya Lomoro." Nikamfuata shangazi, nikamkuta anachota makaa ya jikoni kwa kigae. Nikataka kumsaidia.

"Wewe enda lala. Umechoka na barabara," akasema, wala hakuwa na hasira. Afadhali angenitukana.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Lomoro akaingia kutoka mpaka wa Oraba, bado na vumbi la njia. Gogo lilikuwa linawaka. "Moto ya baba yako hii," shangazi akamwambia. Lomoro akapiga magoti, akalia kwa sauti, akalisogeza gogo kwa mikono, akauzima moto. Kisha akawashukuru wote waliokesha na moto, na mimi akanitaja kwa jina. Watu wote walikuwa wanatazama chini.

Mchana akanisindikiza hadi barabara kubwa, mimi nikisukuma pikipiki. Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia moto wa baba yake niliuzima mimi, ule wa asubuhi ni wa jikoni.

"Najua," akasema. "Chini ya majivu nakuta tope. Moto ya siku zote hizo tope natoka wapi?"

"Basi nirudi nikamwombe mama yako msamaha mbele yako."

"Hapana. Yeye nafikiri mimi nazima moto ya baba. Akijua mimi najua, yeye nalia upya." Akanishika bega. "Wewe nyamaza tu."

Nikafika Arua jioni, nikairudisha darubini kabatini. Nilichojifunza safari ile ni kidogo, na kinachoma: watu walinisitiri mara mbili, na mara zote mbili niliyekuwa na la kusema ni mimi. Sasa hata kukiri nimekatazwa. Shangazi hupiga simu kila Jumapili. Husalimia, huuliza habari za mama, halafu huniuliza zile sayari tatu alizoziona zinaendeleaje.

"Zinazunguka, shangazi," humjibu.