Migomba Haioti Nyandarua

Shamba la baba mkwe pale Mukurweini, Nyeri, liligawanywa kwa wana watano mpaka ukifunga ng'ombe wako, mkia unapiga kahawa ya shemeji. Kwa hivyo baada ya uhuru, mashamba ya walowezi yalipoanza kugawiwa watu kule Nyandarua, mimi ndiye niliyesema tuhame, na sijajuta hata siku moja. Kipande chetu tulimwachia ndugu mdogo wa mume wangu, naye hakungoja: alijenga, akaoa.

Mama mkwe alitufungia machipukizi ya migomba. Kwetu boma lisilo na migomba si boma; mgeni utampikia nini, na mama aliyejifungua je? Tukayapanda hata kabla ya kuezeka nyumba. Majirani waliotoka Kirinyaga walikuwa wamepanda yao vilevile. Mwezi wa saba umande ukaganda juu ya majani, na asubuhi moja migomba yote, yetu na yao, ikawa myeusi kama iliyomwagiwa maji moto.

Mume wangu alilia. Nasema wazi, alilia. "Ardhi hii imetukataa, mama watoto. Turudi."

"Turudi wapi? Tukalale jikoni kwa shemeji?"

Nikang'oa yale mabua, nikapanda viazi palepale. Hakushika jembe. Ati viazi ni chakula cha mtu aliyeshindwa. Vilipokomaa akatangaza kwamba anarudi kwao na lori la kwenda Nyeri. Shamba lilikuwa kwa jina lake. Akiondoka, maafisa wangempa mtu mwingine, na mimi na watoto tungebaki barabarani. Nilijua hivyo, na bado nikamwambia, "Nenda. Mimi maji nimeyavulia nguo, nitayaoga."

Akabeba sanduku lake hadi barabarani. Mimi na watoto tukaburuta magunia ya viazi mpaka hapohapo, tukayapanga kando yake, maana soko langu lilikuwa Nyeri na lori lilikuwa lilelile. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na hofu, lakini singemwonyesha ng'o. Yeye aliyatazama magunia, akabonyeza moja kwa kidole, akabonyeza la pili.

Lori likasimama. Utingo akaruka chini, akashika sanduku.

"Wacha hilo," mume wangu akamwambia. "Pakia viazi. Mimi naishi hapa."